Usukani wa juu kwenye pikipiki: pima kabla ya kununua

Kijana mmoja wa Ipuli, hapa Tabora, aliniletea Boxer aliyoibadilisha mwenyewe: siti imeshushwa, madigadi ya nyuma imekatwa, na usukani mrefu ameshaununua. Ulitusumbua siku mbili kwa sababu alianzia dukani. Wewe usianzie huko.

1. Kaa upimwe. Panda pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, fumba macho, nyoosha mikono mpaka itulie yenyewe, viwiko vimekunjwa kidogo. Mwenzako apime kwa tepu kutoka kwenye klampu (vishikio vya usukani) hadi kiganjani: kimo, umbali wa kurudi nyuma, upana. Ngumi zisipite kimo cha mabega. Zikipita, vidole vinakufa ganzi, na kwenye mchanga wa njia za Sikonge hutakuwa na nguvu ya kulirudisha gurudumu.

2. Unene wa bomba la usukani. Boxer na pikipiki nyingi za bodaboda hutumia milimita 22, yaani inchi 7/8. Bomba la inchi 1, la pikipiki kama Harley-Davidson, halipokei gripu wala swichi zako. Chagua chuma kizima kilichopindwa. Usukani ulioongezwa vipande kwa kuchomelea siufungi kwa bei yoyote.

3. Waya. Hapa ndipo siku zetu zilipokwenda. Shika usukani mpya mahali pake, pitisha kamba kwenye njia ya waya wa mafuta kuanzia gripu hadi kabureta, kisha zungusha kushoto mpaka mwisho, na kulia mpaka mwisho. Chukua kipimo kirefu zaidi. Rudia kwa waya wa klachi, na wa breki kama mbele ni ngoma.

Sasa sikiliza vizuri: kinachoongezeka ni ganda la nje. Kipande cha waya wa ndani kinachochomoza nje ya ganda lazima kilingane na cha zamani. Sisi tulinunua waya mrefu wa pikipiki nyingine, ganda likatosha, ila kile kipande kilipungua milimita chache. Injini ikagoma kushuka sailensa, yaani mzunguko wa chini ukiachia gripu ya mafuta. Nilifungua kabureta mara tatu nikitafuta uchafu, na kabureta haikuwa na kosa lolote. Laza waya wa zamani na mpya sambamba, linganisha vipande vinavyochomoza, pamoja na vifundo vya chuma kwenye ncha, ndipo ulipe.

Kama mbele ni diski, nunua hozi ndefu iliyo nzima, usiunge. Weka mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikombe chake, kisha toa hewa yote.

Nyaya za swichi zikiwa fupi, ziunge kwa risasi ya kulehemu, viungo visikae sehemu moja ili fungu la nyaya lisivimbe.

4. Funga usukani kwenye klampu.

5. Washa, acha sailensa, zungusha usukani pande zote mbili. Mlio ukipanda, waya unavutwa: usiondoke. Ukitembea kama kilomita 50, kaza tena bolti za klampu.