Kuchagua rangi ya sebule yenye makochi ya rangi tulivu: mwongozo kwa nyumba za Dodoma

Mtu anayenunua makochi ya kijivu, ya rangi ya maziwa au ya kahawia mpauko kwa kawaida hufanya hivyo akiamini kwamba rangi hizo hazigombani na kitu chochote, na kwamba ukuta wowote atakaoupaka utakubaliana nazo. Imani hiyo ndiyo chanzo cha sebule nyingi ambazo kila kilichomo ni kipya na bado hazipendezi. Rangi tulivu nayo ni rangi, na ina damu yake: kijivu kimoja kina damu ya bluu, kingine kina damu ya kahawia, na rangi ya maziwa yaweza kuwa na asili ya njano, ya waridi au hata ya kijani. Damu hiyo ndiyo itakayopatana na ukuta au kuukataa, kwa hiyo kazi ya kuchagua inaanzia kwenye kochi kabla ya mtu kufika dukani.

Njia ya kuitambua ni rahisi. Chukua karatasi nyeupe ya kuandikia, ilaze juu ya mto wa kochi karibu na dirisha wakati wa mchana, mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja, kisha utazame kitambaa kando ya weupe huo. Kitambaa ulichouziwa kama cha kijivu kitajionyesha kuwa kinaelekea bluu, zambarau, kijani au kahawia, jambo ambalo jicho halikuliona kilipokuwa peke yake. Fanya hivyo hivyo sakafuni. Nyumba nyingi mpya za Dodoma zimewekwa tailizi zinazong'aa za rangi ya maziwa, nazo zina eneo kubwa kuliko makochi na hakuna anayezing'oa kwa sababu ya rangi ya ukuta. Damu ya sakafu ikitofautiana na ya kochi, ukuta uifuate sakafu.

Somo hili nililipata kwa gharama yangu mwenyewe. Nilipohamia eneo la Kisasa, hapa Dodoma, nilipaka sebule kijivu chenye damu ya bluu kwa kuwa nilikipenda kwenye katalogi, ilhali makochi yangu yalikuwa ya rangi ya maziwa yenye asili ya njano. Niliamini vitambaa vimechafuka, nikavifua mara mbili, na bado vilionekana vimechakaa. Kitambaa hakikuwa na kosa lolote. Jicho likitazama rangi mbili zinazopakana huikuza tofauti iliyopo kati yao, hivyo bluu ya ukuta huifanya njano ya kochi ionekane njano zaidi, kama vile ukuta wa kijani unavyoweza kukifanya kijivu cha kawaida kionekane kimetiwa waridi kidogo.

Baada ya damu ya vitu vilivyomo ndani, jambo la pili ni mwanga, na hapa msomaji wa Dodoma anapaswa kuwa mwangalifu na ushauri anaokutana nao mtandaoni. Sehemu kubwa ya ushauri huo umeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, ambako chumba chenye dirisha la kaskazini hukosa jua la moja kwa moja karibu mwaka mzima na mwanga wake huelekea bluu. Ndiyo maana wenyeji wa huko huambiwa wakipake rangi zenye joto. Dodoma iko takribani nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini kuanzia mwezi Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha hupita upande wa kusini katika miezi iliyobaki, na katika misimu yote miwili huwa juu kiasi kwamba paa lililotokeza vizuri huzuia sehemu kubwa ya miale yake isiingie ndani. Kwa sababu hiyo, maelezo ya kaskazini na kusini hayatakusaidia sana. Kinachoamua ni kama dirisha kubwa la sebule linatazama mashariki au magharibi.

Sebule inayotazama magharibi hupigwa na jua la jioni lililoshuka chini, ambalo halizuiwi na paa wala na baraza. Kuanzia saa kumi ukuta wa rangi ya maziwa hugeuka kuwa njano kama kiini cha yai, na rangi ya udongo huwaka kiasi cha kuchosha macho. Chumba cha namna hiyo kinahitaji rangi iliyopoa: kijivu chenye damu ya kijani, kijani kilichofifia, au nyeupe isiyo na njano ndani yake. Sebule ya mashariki ina tabia iliyo kinyume, kwa kuwa hupata mwanga wa joto asubuhi, wakati wengi wako kazini, halafu alasiri, wenyewe wanaporudi, hubaki na mwanga wa kivulini unaoelekea bluu. Hiyo ndiyo inayostahili rangi ya maziwa, ya mchanga au ya udongo hafifu.

Kuna mwanga mwingine ambao watu wachache huufikiria, nao ni ule unaotoka ardhini. Uwanja wa udongo mwekundu ulio mbele ya dirisha hupokea jua kali na kulirudisha ndani likiwa limebeba wekundu wake, likaangukia dari na sehemu ya juu ya kuta. Nimewahi kuona nyeupe safi ikionekana kama imetiwa chungwa mchana kutwa, na mwenye nyumba akimlaumu fundi kwa kuchanganya vibaya. Kwa hiyo kama unakusudia kuweka pevingi au kupanda majani uani, ni busara kufanya hivyo kwanza, kwa sababu sebule itabadilika rangi pasipo kuguswa na brashi.

Usiku nao una hesabu yake. Boksi la balbu huandikwa namba yenye herufi K: balbu ya 2700K au 3000K hutoa mwanga wenye unjano, na ya 6500K hutoa mwanga mweupe unaoelekea bluu. Makochi ya kahawia mpauko na kuta za rangi ya mchanga chini ya balbu ya 6500K huonekana kama vitu vilivyomwagiwa majivu, wakati chini ya 3000K hupata uhai. Kubadilisha balbu ni rahisi mno kuliko kupaka ukuta upya. Kwa hiyo amua kwanza taa utakazotumia, uzifunge, ndipo uhukumu rangi.

Vumbi la Dodoma linastahili kuzungumziwa kwa uzito kama mwanga. Katika miezi ya kiangazi upepo huleta vumbi jekundu ndani hata dirisha likiwa limefungwa, nalo hutua juu ya ubao wa chini ya ukuta, kuzunguka swichi na nyuma ya makochi. Nyeupe inayong'aa hulionyesha mapema, na rangi nzito sana, kama ile iitwayo damu ya mzee, hulionyesha vilevile kwa kuwa vumbi huonekana jeupe juu yake. Rangi za katikati zenye undugu na udongo wenyewe hulistahimili vizuri zaidi. Upande wa aina ya rangi, chagua rangi ya maji yenye mng'ao mdogo, ambayo mafundi huiita silki, kwa kuwa hupanguswa kwa kitambaa chenye maji bila kuacha doa. Rangi isiyong'aa kabisa huficha mawimbi ya plasta lakini huchafuka moja kwa moja inaposuguliwa. Silki, kwa upande wake, humuumbua fundi ambaye hakupiga msasa vizuri, hasa jua la jioni linapouangukia ukuta kwa upande.

Sasa tuje kwenye rangi zenyewe. Kwa makochi ya rangi ya maziwa au kahawia mpauko yenye damu ya njano, ninapendekeza kijani kilichofifia, kile kinachofanana na unga wa mlenda mkavu, kwa sababu kina njano ndani yake na hivyo kina undugu na kitambaa, ilhali kinatofautiana nacho vya kutosha ili kochi lionekane. Kwa kahawia yenye damu ya waridi kijani hicho mara nyingi hakifai. Hapo hupendeza rangi ya udongo wa kichuguu iliyopunguzwa makali, au nyeupe yenye chembe ya waridi, pamoja na mito michache ya rangi ya mvinyo. Makochi ya kijivu yenye damu ya bluu hukaa vizuri mbele ya nyeupe iliyopoa au samawati hafifu, lakini sebule ikiwa ya mashariki utaihisi baridi mwezi Julai, na ningeongeza zulia la rangi ya tofali la kuchoma ili kuipatia joto. Kijivu chenye damu ya kahawia ndicho kisicho na masharti mengi: mchanga, maziwa, kijani cha mlenda, vyote hukipokea. Jambo la kuepuka katika hali zote ni kuupaka ukuta rangi ile ile ya kochi, kwani kochi hupotea, na tofauti ndogo iliyobaki huonekana kama kosa la fundi.

Wapo wanaopenda ukuta mmoja uwe na rangi nzito. Sipingi, mradi ukuta huo usiwe wenye dirisha, kwa kuwa rangi nzito kando ya mwanga mkali wa nje huumiza macho na huufanya ukuta uonekane mweusi mchana. Dari iache nyeupe isiyong'aa.

Usinunue ndoo kwa kutazama katalogi peke yake. Rangi iliyoenea ukuta mzima huonekana imekolea kuliko ilivyo kwenye kipande kidogo cha karatasi, na rangi ya maji kwa kawaida hukolea kidogo zaidi ikikauka, hivyo chagua hatua moja hafifu kuliko ile iliyokuvutia. Nunua lita 1 ya rangi mbili au tatu, zipake mara mbili kwenye vipande vya jipsamu bodi au plaiwudi vya ukubwa wa sentimita 60 kwa 60, uviache vikauke hadi kesho yake. Kuipaka kwenye ukuta wenyewe hakufai, maana rangi ya zamani inayoizunguka hulidanganya jicho kwa namna ile niliyoieleza. Simamisha kipande nyuma ya kochi, kisha kihamishie ukuta wa pili, ukitazame saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na saa mbili usiku taa zikiwaka. Rangi itakayopendeza katika nyakati ambazo familia hukaa sebuleni ndiyo ya kununua, hata ikiwa nyingine inaipita wakati wa adhuhuri, nyumba ikiwa tupu.

Kuhusu kiasi, lita 1 hufunika takribani mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, juu ya ukuta laini. Sebule ya mita 4 kwa 5 yenye kuta za mita 3 ina mita za mraba 54. Ukitoa mita 8 za milango na madirisha hubaki 46, na kwa mikono miwili utahitaji kati ya lita 9 na 10. Plasta mpya hunywa zaidi, nayo iachwe ikauke mwezi mmoja na ipakwe praima, yaani rangi ya msingi, kwanza. Rangi inayochanganywa kwa mashine ichukuliwe yote kwa mara moja, na ikiwa iko katika makopo tofauti, fundi ayachanganye kwenye ndoo moja kabla ya kuanza, kwa sababu kopo na kopo huweza kupishana kidogo. Uwepo pia anapotia maji: maji yakizidi kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, kijani ulichokijaribu kwenye ubao hakitakuwa kile kitakachotokea ukutani.

Nakili namba ya mchanganyiko iliyobandikwa kwenye kopo, na uhifadhi nusu lita iliyobaki katika chombo kilichofungwa vizuri, mbali na jua. Migongo ya makochi itausugua ukuta kabla ya mwaka kwisha, na utakapoziba alama hizo, paka kutoka kona hadi kona badala ya kugusa doa peke yake, la sivyo kiraka kitaonekana kila jioni jua likishuka.