Mteja ni kampuni: mwongozo wa kazi kwa mwanasheria wa ndani

Meneja anaingia ofisini, anafunga mlango na kusema, "Wakili, hili libaki kati yetu wawili." Mkatize hapo hapo, kabla hajaeleza chochote. Mwanasheria aliyeajiriwa na kampuni ana mteja mmoja tu, naye ni kampuni yenyewe. Si meneja, si mkurugenzi mtendaji, si mwenye hisa nyingi, hata kama ndiye aliyekuajiri na ndiye anayeidhinisha nyongeza ya mshahara wako. Akishakwambia kwamba alipokea bahasha kutoka kwa mzabuni, utakuwa umejua jambo usiloruhusiwa kuificha kampuni, naye atakuwa anaamini umemwahidi siri. Mwambie kwa upole: "Kabla hujaendelea, ujue kwamba nikisikia jambo linaloihusu kampuni sitaweza kuliweka kati yetu."

Maelezo yanayofuata yamejengwa juu ya sheria za Kenya. Anayefanya kazi nchi nyingine ataona mazingira yale yale, ila avitazame vifungu vya kwake.

Cheti kiwe hai

Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinamzuia wakili kufichua mawasiliano ya mteja wake bila idhini ya wazi ya mteja huyo. Neno lililotumika ni wakili. Wapo wanasheria wa kampuni wanaoacha cheti cha mwaka cha uwakili kilale kwa kuwa hawaendi mahakamani. Mwaka wa cheti huisha 31 Desemba, na ada huonekana mzigo usio na faida. Lakini siku upande wa pili utakapodai barua pepe zako, swali la mwanzo litakuwa kama ulikuwa na cheti halali tarehe ulipoziandika. Usimpe hasimu hoja hiyo. Ada ya cheti na ya mafunzo ya kila mwaka ilipwe na kampuni, na iandikwe kwenye mkataba wako wa ajira siku unapoingia. Ukiisubiri mwaka wa pili utaiombea kama hisani.

Tenganisha kofia zako kwa maandishi

Mwanasheria wa ndani mara nyingi ni katibu wa kampuni pia, tena msimamizi wa taratibu na mjumbe wa kamati ya zabuni. Kila kofia ina matokeo yake. Mwaka 1972, katika kesi ya Alfred Crompton, Lord Denning wa Mahakama ya Rufani ya Uingereza alikubali kwamba mawasiliano ya mwanasheria wa mshahara yana kinga ya kutofichuliwa sawa na ya wakili wa nje, lakini akaonya kwamba kazi ya utawala anayomfanyia mwajiri haina kinga hiyo, na kwamba ni juu ya mwanasheria mwenyewe kuzitenganisha kwa uangalifu mkubwa. Onyo hilo ndilo linalopuuzwa zaidi katika kazi hii, na ndilo linalogharimu zaidi.

Barua pepe ndiyo mahali pa kuanzia. Mada ya ushauri wa kweli ianze na maneno "Siri: ushauri wa kisheria". Usiyabandike kila mahali. Yakionekana hadi kwenye mwaliko wa chakula cha mchana, hakimu hatayapa uzito yatakapokuwa na maana. Mstari wa kwanza utaje ombi: "Umeniomba ushauri wa kisheria kuhusu kusitisha mkataba wa usambazaji." Kama una maoni ya kibiashara, kwa mfano kwamba bei ya mzabuni ni kubwa mno, yaandike katika barua nyingine. Ukiyachanganya, barua nzima huenda ikaonekana ya biashara.

Wapokeaji wawe wale tu watakaoutumia ushauri huo kuamua. Ukifika jina la sita, jiulize kila mmoja anaingiaje. Ongeza chini: "Tafadhali usiisambaze, anayeihitaji awasiliane nami." Ushauri ukishatumwa kwa mzabuni, au ukipigwa picha na kutiwa kwenye kundi la WhatsApp la idara, itakuwa vigumu kusimama baadaye na kudai ni siri. Vilevile waeleze wenzako mapema kwamba kumnakili mwanasheria hakuigeuzi hati kuwa ya siri. Ripoti ya mauzo iliyoandikwa Januari itabaki ripoti ya mauzo hata ikinakiliwa kwako Machi.

Ukiwa katibu kwenye mkutano wa bodi, kumbukumbu ziseme tu: "Bodi ilipokea ushauri wa kisheria kuhusu madai ya mkandarasi, ikaujadili, ikaamua yafuatayo." Ushauri wenyewe ukae kwenye faili tofauti. Wakaguzi wa hesabu husoma kumbukumbu za bodi, na benki huziomba kabla ya kutoa mkopo.

Kampuni ambayo kampuni mama yake iko Ulaya ina tahadhari ya ziada. Mwaka 2010, katika kesi ya Akzo Nobel, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilishikilia kwamba katika uchunguzi wa ushindani unaofanywa na Tume ya Ulaya, mawasiliano na mwanasheria aliyeajiriwa hayana kinga, kwa kuwa hana uhuru wa wakili wa nje. Suala la bei au mgawanyo wa soko likigusa ofisi ya huko, ushauri uandikwe na wakili wa nje tangu mwanzo.

Kuhoji mfanyakazi

Hapa ndipo makosa huwa ghali, kwa hiyo nenda polepole.

Kabla ya kumwita mtu yeyote, toa agizo la kuhifadhi nyaraka. Mwandikie mkuu wa teknolojia asimamishe ufutaji wa moja kwa moja wa barua pepe za watu unaowataja kwa majina, ahifadhi nakala za kompyuta zao, na asizigawe upya kompyuta za walioacha kazi. Waandikie wahusika wenyewe pia: wasifute chochote, pamoja na ujumbe wa simu, na wazime mpangilio wa WhatsApp unaofuta ujumbe wenyewe baada ya muda. Kosa la kawaida ni kuanza na mahojiano halafu agizo likafuata baada ya siku tatu. Siku tatu zinatosha kabisa kusafisha simu.

Wakati wa mahojiano muwe wawili, wewe na mwandishi. Usiwe peke yako, kwani mkija kutofautiana juu ya kilichosemwa, wewe ndiwe utakayegeuka shahidi, na wakili aliyegeuka shahidi hawezi tena kuiwakilisha kampuni mahakamani katika kesi hiyo hiyo. Kisha soma onyo, neno kwa neno, kwa lugha anayoielewa vizuri anayehojiwa:

"Mimi ni mwanasheria wa kampuni. Sikuwakilishi wewe binafsi. Mazungumzo haya ni ya siri ili niweze kuishauri kampuni, lakini siri hiyo ni ya kampuni, si yako wala si yangu. Kampuni inaweza kuamua, bila kukuuliza, kuyatoa kwa polisi, kwa mdhibiti au mahakamani. Tafadhali usiyajadili na mtu mwingine, isipokuwa wakili wako ukitaka kumwona. Umeelewa? Uko tayari tuendelee?"

Chimbuko la onyo hili ni kesi ya Upjohn, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1981. Huko iliamuliwa kwamba mazungumzo ya mwanasheria wa kampuni na wafanyakazi wa ngazi za chini yanaweza kulindwa, si ya wakurugenzi peke yao. Mwenye kinga hiyo ni kampuni. Mwandishi aandike saa ambayo onyo lilisomwa na jibu alilotoa mfanyakazi. Akiuliza, "Je, nitafute wakili?" usimjibu ndiyo wala hapana. Mwambie huwezi kumshauri, na kwamba ukimya wako asiuchukue kama ushauri.

Sasa zitenganishe hati mbili. Maelezo ya mfanyakazi yatakayotumika kwenye kikao cha nidhamu yachukuliwe na idara ya rasilimali watu, ayasome, atie saini, apewe nakala. Hayo ni ushahidi na yatafika mahakamani. Maandishi yako wewe ni ya kuishauri kampuni: yaandae siku hiyo hiyo, yaeleze unavyoipima kesi, na yasitiwe saini na mhojiwa. Kote kuwili epuka maneno kama "mwongo" au "anaonekana mwizi". Chini ya kanuni za ulinzi wa data za 2021, mfanyakazi akiomba kuona taarifa zake binafsi kampuni ina siku 7 za kumjibu, na si kila karatasi utakayoitaja kuwa siri itakubaliwa hivyo.

Usikae kwenye jopo la nidhamu

Wasimamizi hupenda mwanasheria aongoze kikao cha nidhamu, "ili mambo yaende kisheria." Kataa. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoielewa, amsikilize, na amruhusu awe na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua. Mwajiri akishindwa kesi, mahakama inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Mtu yule yule aliyechunguza, akaongoza kikao, kisha akaandika barua ya kuachisha kazi, hutoa picha kwamba uamuzi ulikuwa umekwisha kufanywa kabla ya kikao. Nafasi yako ni kupitia barua ya kujieleza kabla haijatoka, kuhakikisha muda wa kujibu unatosha, na kusoma kumbukumbu kabla ya uamuzi. Kiti cha mwenyekiti apewe meneja wa idara nyingine.

Unapoamrishwa jambo lisilo halali

Usianze kwa "haiwezekani". Uliza lengo ni nini, maana mara nyingi lengo ni halali na njia ndiyo mbaya. Leta njia ya pili siku hiyo hiyo. Bosi akishikilia, andika barua fupi yenye mambo manne: ulichoombwa, kifungu kinachokataza, kitakachoipata kampuni na kitakachompata yeye binafsi, na unachopendekeza. Isizidi ukurasa mmoja, ndefu haisomwi. Asipobadilika, panda ngazi hadi kwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi au wa bodi, na mjulishe bosi wako kwamba unapanda. Njia hiyo ya kuifikia bodi bila kupitia kwa mkurugenzi mtendaji iandikwe kwenye maelezo ya kazi yako wakati hakuna ugomvi.

Hongo ina saa yake. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Hongo ya 2016 kinamtaka mtu mwenye mamlaka, hata katika kampuni binafsi, aripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC) ndani ya saa 24 anapojua au kushuku kisa cha hongo. Kwa hiyo ile bahasha ya meneja haisubiri mkutano wa robo mwaka. Mwite wakili wa nje siku hiyo hiyo, andika saa uliyopata habari, na uipe bodi taarifa kabla ya jioni. Kumbuka pia kwamba kifungu cha 134 hakilindi mawasiliano yaliyokusudiwa kuendeleza jambo lisilo halali. Data za watu zikivuja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatoa saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data.

Hata ukiwa na hofu ya kufukuzwa, usijitumie nyaraka kwenye barua pepe yako binafsi. Hilo peke yake linaweza kuwa sababu ya kukuachisha kazi, na hoja yako yote itazama. Ushauri wako uuweke kwenye faili rasmi la kampuni lenye tarehe, na ukihitaji kujitetea, wakili wako ataomba liletwe mahakamani.

Wenzako wa kazi hii

Mwanasheria wa ndani huwa mpweke. Kwenye kampuni nyingi ni mmoja, au wawili. Makundi ya wanasheria ni msaada mkubwa, na inafaa uwe ndani yake. Ila unapouliza, uliza juu ya sheria, usisimulie kisa. "Kampuni ya saruji yenye mgogoro wa ardhi Kilifi" tayari ni jina, na huenda wakili wa upande wa pili yumo kundini humo. Uliza hivi: "Nani ana uzoefu na maombi ya kuzuia uhamisho wa ardhi kabla ya hati kutoka?" Vielelezo vya mikataba vifute majina, bei na hata taarifa zilizofichwa ndani ya faili kabla ya kuvituma.

Mkiwa wanasheria wa kampuni zinazoshindana, bei, wateja na mipango ya zabuni visiguswe, hata kwenye chai. Sheria ya Ushindani ya 2010, kifungu cha 21, haihitaji mkataba uliosainiwa. Mwenendo wa pamoja unatosha. Mazungumzo yakielekea huko, sema unapinga, ondoka, na uandike saa uliyoondoka.

Ukihama kazi, siri za mwajiri wa zamani zinahama nawe zikiwa zimefungwa: kifungu cha 134 kinasema wajibu huendelea baada ya ajira kwisha. Mpe mrithi wako orodha ya kesi zilizo wazi, tarehe za mwisho na mawakili wa nje, rudisha kompyuta na simu bila kufuta kitu, na uombe uandikiwe kwamba umevikabidhi.