Kumuenzi msanii mkongwe wa taarab: yaandaliwayo kabla ya usiku wenyewe

Anzeni nyumbani kwake, miezi 2 kabla. Nendeni watu wawili tu, mmoja awe mwanamuziki aliyepiga naye, na muulize kama anaitaka heshima hiyo. Wapo walioacha kuimba baada ya kuhiji na hawapendi kurudishwa jukwaani. Hao watunzwe kimya kimya, bahasha na dua.

Akikubali, andikeni wasifu wake kwa kumsikiliza. Wazee huhesabu kwa matukio, si kwa tarakimu. Akisema alianza Culture (Culture Musical Club ya Zanzibar) kabla ya Mapinduzi, hiyo ni kati ya 1958, kikundi kilipoasisiwa, na Januari 1964. Akitaja Ikhwan Safaa, msishangae kusikia majina ya babu zake: klabu hiyo ya taarab ni ya 1905. Kila wimbo muulize mtunzi wa maneno ni nani na aliyetia muziki ni nani, kwani mara nyingi ni watu wawili. Hapa ndipo ugomvi unapozaliwa, familia ya mshairi ikae ukumbini isikie sifa za baba yao anapewa mwingine.

Kazi kubwa ni sauti. Mtu wa miaka 75 hawezi kuimba alipoimbia akiwa na 30. Mkalisheni na mpiga udi peke yake, aimbe anapopaweza, ndipo udi umfuate. Ufunguo huo, yaani kiwango cha sauti anachokiweza, wapelekewe wapiga fidla na kodiani siku hiyo hiyo. Mpiga ganuni, ile ala ya nyuzi ya kupakatwa, apewe muda zaidi: ana nyuzi sabini na kitu, tatu tatu kwa kila sauti, na upepo wa bahari hulegeza alichokaza alasiri. Apange tena saa moja kabla ya watu kuingia. Kama shughuli iko Chake Chake, Pemba, na ganuni inatoka Unguja, isafiri mikononi mwa mwenyewe, si kwenye mizigo ya boti.

Nyimbo 4 zinatosha, maana wimbo mmoja wa taarab hula dakika 10 au 15. Fungueni kwa bashraf, muziki wa ala usioimbwa, baada ya sala ya Isha, vijana waimbe mbili, kisha yeye. Hotuba za wageni rasmi ziwe baada yake. Zikitangulia, saa nne na nusu bado mzee yuko kitini, miguu imevimba, na sauti imelala. Mpeni kiti chenye mikono na maikrofoni ya kusimamishwa. Ya kushika humtetemekea.

Pesa za kutunza, yaani za kumzawadia msanii anapoimba, zina mila yake, na wengi huzikosea. Watu watapanda jukwaani na noti. Wekeni sinia mbele yake na jamaa yake mmoja alilinde. Tangazeni mapema kwamba za usiku huo ni zake zote, na wapiga muziki walipwe kando, kabla ya kupanda. La sivyo mtamkuta anagawana na kundi.

Ngao ya kioo ni nzuri kwa picha. Jina lake liandikwe kama alivyozoeleka na lile la kitambulisho chini yake. Mkichapisha kanga, jina la kanga alichague mwenyewe. Usemi mliodhani ni wa hekima, mtaani unaweza kusomwa kijembe kwa mwimbaji mwenziwe.

Asubuhi yake mpelekeeni hesabu na sahani ya halua.