Somo: Kupanga safari ya miguu hadi kreta ya Empakaai

Wageni wengi wa Ngorongoro huishia kwenye kreta kubwa. Empakaai iko kaskazini-mashariki, ndani ya hifadhi hiyohiyo. Ina upana wa kilomita 6 hivi na ziwa la magadi chini yake, na gari haliingii. Kwangu mimi ndiyo nzuri kuliko zote, ila haitaki kubahatisha.

Kwanza, askari. Kuna nyati na fisi, hivyo hutembei bila askari wa hifadhi mwenye silaha. Mwombe kabla hujakodi hata gari, tarehe nyingine zote zifuate yake. Kibali cha kuingia huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo piga hesabu ya siku zako vizuri.

Pili, msimu. Nenda Juni hadi Oktoba. Wakati wa masika barabara ya kupita Nainokanoka ni utelezi mtupu.

Tatu, maji. Hapa ndipo watu hujisahau, kwa kuwa wanakwenda ziwani. Maji yale hayanyweki, na ukiyachemsha magadi hayaondoki, yanazidi kukolea. Beba lita 4 kwa kila mtu kwa siku, ya kupikia kando.

Nne, kushuka. Kutoka ukingoni ni kama mita 300 kwenda chini, katikati ya msitu. Njia ina mizizi, na mara nyingi kinyesi cha nyati. Askari akisimama ghafla, nawe simama na unyamaze. Kushuka tenga saa moja, kupanda mara mbili yake. Anza asubuhi, usije ukapandia gizani. Ufukweni mara nyingi utakuta flamingo.

MASWALI

Mkuu, naweza kuunganisha hadi Ziwa Natron?
Ndiyo. Unapita kijiji cha Nayobi, kisha unateremka Bonde la Ufa hadi Ngare Sero, kijiji kilicho karibu na ziwa hilo, mlima Ol Doinyo Lengai (mita 2,962) ukiwa mbele yako. Mizigo hubebwa na punda wa Wamasai. Tumia mabegi laini, yenye fremu ngumu humchubua punda mgongo.

Baridi ikoje?
Kali. Ukingo wa mashariki wa kreta unapita mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Tenga soksi kavu za kulalia tu, usizitembelee kamwe.

Mama yangu magoti yanamsumbua. Nimlete?
Mlete, aone ziwa kutoka juu. Ila omba askari wa pili wa kubaki naye kambini, maana wa kwanza atashuka nanyi.