Jinsi ya kujua kama mdudu alipewa jina na padri Montrouzier au aliitwa kwa heshima yake

Watu wengi wakiona neno montrouzieri kwenye jina la kisayansi wanasema hapo hapo huyu mdudu katajwa, yaani kapewa jina, na padri, kumbe ni kinyume chake, na inaniuma kwa sababu huyu mzee alifanya kazi kubwa. Xavier Montrouzier, Mfaransa wa Wamarist, shirika la mapadri Wakatoliki, alizaliwa 1820 akafariki 1897, alianzia misheni Visiwa vya Solomon ambako alichomwa mkuki akapona, akaenda kisiwa cha Woodlark, halafu Kaledonia Mpya, visiwa vya Ufaransa huko Pasifiki, na kote huko anahubiri huku anakusanya wadudu, konokono na mimea.

Sasa fanya hivi, soma jina ukianzia mwisho. Chukua Cryptolaemus montrouzieri Mulsant, 1853, kale kambawakawa kadogo ka duara, keusi na kichwa cha rangi ya chungwa, kanakokula wale wadudu weupe wa unga unga wanaofyonza mimea. Ile i ya mwisho ni Kilatini, yaani "wa Montrouzier", ni heshima tu. Aliyemtaja ni Mulsant, mtaalamu wa wadudu Mfaransa, na 1853 ndio mwaka jina lilipochapishwa.

Linganisha na Dysdercus sidae Montrouzier, 1861. Hapa jina la padri liko nyuma, limeanza na herufi kubwa, halina i mwishoni, basi ujue ni kazi yake mwenyewe.

Mabano usiyaruke! Agrianome fairmairei (Montrouzier, 1861) maana yake padri alimweka jenasi nyingine, yaani kundi lile la neno la kwanza la jina, wataalamu wakaja kumhamisha, lakini aliyemtaja wa kwanza anabaki ni yeye. Tena ona, hapo na yeye kamheshimu mwenzake, Fairmaire, mtaalamu wa mbawakawa. Funza wa huyu ni mnene, mweupe, anakaa ndani ya magogo yaliyooza, na Kaledonia Mpya wanamla kabisa, pale mji mdogo wa Farino ana sikukuu yake kila mwaka.

Kwenye mimea huwa hawaweki mwaka na jina lake linafupishwa kuwa Montrouz. na nukta yake, kwa hiyo usidhani lebo imekatika. Jenasi Montrouziera ni heshima tena, hiyo hakuitaja yeye.

Ukisachi kwenye database ya majina ya viumbe, weka Montrouzier kwenye sehemu ya mtunzi wa jina, usiweke kwenye sehemu ya spishi, hapo ndipo utaletewa alivyovitaja mwenyewe.