Kuotesha ua la hereni kwenye mawe ya Mwanza

Haipiti wiki bila mteja kusimama kitaluni kwangu Luchelele, akalitazama lile ua la pinki linaloning'inia kichwa chini, akauliza: "Mama, mbegu zake unauzaje?" Sina mbegu. Tangu nianze kuutunza mmea huu sijavuna tunda hata moja lenye mbegu iliyokomaa. Mimea yote niliyo nayo, na mingine iliyokwenda Bwiru, Igoma na hata Sengerema, imetokana na vijiti vinne alivyokuja navyo marehemu mama kutoka Muheza, vimeviringishwa ndani ya kipande cha khanga kilicholoweshwa maji. Kwa hiyo anayelitaka ua hili ajifunze kuotesha kijiti.

Kwanza hakikisha unakata mmea wenyewe. Kitaalamu ni Hibiscus schizopetalus, maana yake wenye petali zilizochanwa. Kitaluni kwetu tunauita ua la hereni. Wengi huuchanganya na hibiskusi ya uzio, Hibiscus rosa-sinensis. Hata wataalamu waliwahi kuuhesabu kuwa namna tu ya ile ya uzio, mpaka Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, alipoutenga kuwa spishi kamili mwaka 1880. Ile ya uzio jina lake linamaanisha waridi la China. Hii ni ya kwetu: asili yake ni pwani ya Kenya, Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Inaniuma mtu anaponunua mche wake akiamini ni ua lililoletwa kutoka Ulaya.

Chuma ua moja ulishike. Kikonyo ni kirefu na chembamba, na kina kiungo kama cha kidole. Ua linalegea na kutazama ardhi. Petali ni tano, zimechanikachanika kama matamvua ya mtandio, zimejikunja kurudi juu. Katikati unashuka mrija mwembamba mrefu. Stameni zote, yaani sehemu za kiume zenye chavua, zimeshikamana kwenye mrija huo, na ncha ya kike inapita ndani yake hadi kutokeza mwishoni, imegawanyika vichwa vitano. Aliyekulia Usukumani atautambua mpangilio huu mara moja, maana ua la pamba nalo lina petali tano na stameni zilizoungana hivyo hivyo. Ila hilo la pamba hufunguka likiwa na rangi ya malai, kesho yake likageuka pinki. Ua la bamia nalo lina mpangilio huo huo. Pamba, bamia, rozela na mbuyu ni ndugu wa ukoo mmoja, Malvaceae.

Alama ninayoiamini kuliko zote iko mgongoni mwa ua. Ligeuze, tazama pale kikombe cha kijani kinapoanzia. Hibiskusi ya uzio ina vijani vyembamba vinavyoonekana wazi, mithili ya kola ya shati. Pamba ina vitatu vipana vyenye meno. Ua la hereni lina vijino vya milimita 1 au 2 tu, unavigundua ukipitisha ukucha. Ukikuta petali zimechanika kidogo na kola inaonekana vizuri, huo ni mchanganyiko wa ua la hereni na hibiskusi ya uzio. Unapendeza, lakini usimuuzie mtu ukimwambia ndio wenyewe.

Mimi hukata vijiti alfajiri, mvua za vuli zikishakolea, Oktoba mwishoni au Novemba. Kijiti kiwe unene wa penseli, ganda limeanza kuwa la kahawia lakini ukikipinda bado kinakubali. Kilicho kibichi kabisa kinaoza. Kilichozeeka kinaweza kukaa miezi bila kufa wala kuota. Urefu sentimita 15 unatosha, chenye macho manne, yaani vifundo vinapochipukia majani. Chini nakata mshazari, karibu kabisa na jicho, kwa sababu mizizi hupenda kuchipukia hapo. Naondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, na hayo mawili nayapunguza nusu, yasije yakapoteza maji wakati kijiti hakina mizizi ya kuyarudisha. Matumba ya maua yatoke yote, hata yaliyo madogo kama punje ya mtama.

Kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea miche, nakijaza mchanga debe mbili kwa udongo debe moja, bila samadi. Msimu mmoja niliweka samadi mbichi nikidhani navisaidia, nikapoteza vijiti thelathini, vyote vimegeuka vyeusi chini. Nililia. Mchanga mzuri ni ule wa chengachenga unaoshushwa na mvua kutoka kwenye mawe ya milimani. Maji hayatuami ndani yake. Zika macho mawili, gandamiza kwa vidole, mwagilia, kisha funika kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu uliyoikata kitako. Mfuniko wa chupa ukae umefungwa wiki mbili, baada ya hapo ufungue ili mche uzoee hewa. Weka chini ya mwembe. Mizizi huchukua wiki 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi, na tafadhali usikivute kijiti kukichungulia. Jani la kwanza hudanganya, linatoka kwa akiba iliyo ndani ya kijiti. Mimi hungoja la tatu.

Sasa pa kupanda. Ua hili linatazama chini, kwa hiyo ukilipanda kwenye bustani tambarare utaona migongo ya petali na majani tu. Lipande juu yako. Sisi wa Mwanza tumezungukwa na mawe na kuta za kuzuia udongo, na kila nyumba iliyojengwa mlimani ina mahali panapofaa: nyuma ya ukingo wa ukuta, au kwenye mfuko wa udongo uliojikusanya juu ya jabali, ili matawi yainame upande wa njia na maua yakutane na uso wa anayepandisha ngazi. Mmea hufika mita 3, matawi yake ni membamba na yanapenda kuinama, usiyafunge kwenye mti.

Hatari ya mawe ni joto la mchana na udongo haba. Chimba shimo sentimita 50 kila upande. Jabali likikuzuia kabla ya hapo, tafuta pengine. Samadi iliyooza vizuri inaruhusiwa hapa, ndoo moja, ichanganywe na udongo. Kwa matandazo natumia magugu maji yanayosukumwa na upepo hadi ufukweni. Nayaanika juu ya jabali hadi yavunjike yakishikwa, ndipo nayatandaza, nikiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Juni hadi Agosti mwagilia mara mbili au tatu kwa wiki, mpaka maji yafike chini. Mmea ukikosa maji utaangusha matumba kabla ya majani, basi ukiona matumba yamelala chini, gusa udongo kwanza kabla ya kukimbilia dawa.

Wadudu wanaonisumbua ni vidung'ata, wale weupe kama pamba wanaojificha kwenye makwapa ya majani. Mswaki wa zamani na maji ya sabuni vinatosha ukiwahi. Kangambili ni shauri jingine. Hao wekundu wenye alama nyeusi ndio wanaoitia pamba madoa, na jamii ya hibiskusi ni makao yao pia, kwa hiyo mwenye shamba la pamba jirani awaokote mapema, awatose kwenye kopo la maji ya sabuni.

Ua moja hudumu kama siku moja likadondoka, lakini jingine linakuwa tayari nyuma yake, na chozi wangu, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, hawakosi asubuhi. Maua hutokea kwenye machipukizi mapya, ndiyo maana Septemba mwishoni nakata theluthi ya kila tawi ili vuli likute mmea unachipua.

Matawi hayo ya Septemba usiyatupe. Yakate kwa urefu ule ule, yaviringishe kwenye gazeti lililoloweshwa, kisha mfuko wa plastiki juu yake ukiwa umefungwa bila kukaza. Yatavumilia safari ya basi ya siku nzima, mradi yasilale upande wa dirisha lenye jua.