Kutafuta mkutano wa AA: anza na saa yako ya kiu

Wengi wakiamua kuacha pombe hutafuta kikundi cha AA (Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha kunywa) kilicho karibu na nyumbani. Mimi nasema anza na saa. Kila mnywaji ana saa yake. Yangu ilikuwa jioni, kati ya saa kumi na moja na saa mbili, nikishuka matatu na mkoba wa madaftari ya kusahihisha, na njia nzima hadi kwangu ni maduka yenye wavu wa chuma: unapitisha hela, kota ya pombe inatoka. Mkutano wa Jumamosi asubuhi, hata uwe mzuri vipi, haungenisaidia Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Basi andika kwanza siku na saa zinazokushinda, ndipo uanze kuuliza.

Lakini kuna jambo la hospitali linalotangulia. Ikiwa mikono hutetemeka asubuhi hadi unywe kidogo ya kutoa loki, yaani kutuliza mning'inio wa jana, au umewahi kuanguka kifafa ulipokosa pombe, usiache ghafla ukiwa peke yako. Kifafa hicho huja mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza, na baadaye kidogo mtu anaweza kuanza kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Muone daktari akupe dawa za kukuvusha. Hapa Nairobi, hospitali ya Mathari, ya magonjwa ya akili, wanaijua kazi hiyo. Mkutano utakungoja.

Pa kuuliza si pengi. Laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haina malipo. Mshauri nasaha wa hospitalini huwa anajua vikundi vya karibu. Karani wa parokia pia, maana vikundi vingi hukutana katika vyumba vya makanisa. Orodha za mtandaoni zipo, ila vikundi huhama na orodha hubaki palepale, kwa hiyo piga simu kabla ya kupanda gari. Uliza: bado mnakutana? Mlango ni upi? Mnaongea lugha gani? Mkutano ni wa wazi au wa wanachama pekee? Ule wa wazi unaweza kwenda na dada yako akushike mkono. Ule mwingine ni wa wenye nia ya kuacha kunywa, na nia hiyo ndiyo sharti pekee la kuwa mwanachama. Hakuna ada, kikapu kikipita, mgeni halazimiki kutoa. Jamaa zako wana mikutano yao, Al-Anon.

Usiogope msalaba ukutani. Chumba ni cha kanisa, kikundi si cha kanisa. Hatua 12, yaani mwongozo wa AA wa kuacha pombe, zinamtaja Mungu kwa jinsi kila mtu anavyomwelewa, na Waislamu wanakaa humo kama wengine.

Hofu kubwa kwa mtu kama mimi, mwalimu, ni kukutana na mzazi wa mwanafunzi. Nilichagua kikundi cha mtaa wa pili, mbali kiasi cha kutojulikana, karibu kiasi cha kutembea kwa miguu mvua ikipandisha nauli. Humo watu hutumia jina la kwanza tu. Mmoja anaongea, wengine wananyamaza hadi amalize, hakuna wa kumkosoa wala kumpa ushauri. Zamu yako ikifika unaweza kusema, “Leo nitasikiliza,” na inatosha. Na kama moyo wako unaongea Kiswahili, ongea Kiswahili, hata waliokutangulia wakiwa wamesema Kiingereza.

Dada yangu, kaa karibu na mwanamke na uchukue namba ya mwanamke. Anayekutongoza wiki ya kwanza, anayekuomba mkopo, au anayekuambia uache dawa ulizopewa na daktari, huyo mkimbie. Kikundi kikimvumilia, tafuta kingine, lakini usiache mikutano kwa ajili yake.

Usikihukumu kikundi kwa jioni moja. Rudi mara kadhaa, kisha onja kingine. Mimi huangalia dakika zinazofuata sala ya mwisho: je, watu wanabaki na vikombe vya chai, yule wa miaka mingi akiongea na aliyekuja jana? Kuna aliyekuuliza utafikaje nyumbani? Hapo ndipo pa kukaa.

Ukiwa Mombasa, Malindi au Unguja, uliza pia mikutano ya NA (Narcotics Anonymous). Ilianzishwa kwa ajili ya watumiaji wa dawa za kulevya, lakini kwao pombe ni dawa ya kulevya kama nyingine, na mlevi anapokelewa. Na kama kwenu hakuna kitu kabisa, mikutano ya mtandaoni ipo usiku na mchana, na walevi wawili au watatu wanaokutana ili wasinywe wanaweza kujiita kikundi cha AA. Ndivyo yote yalivyoanza. Mwaka 1935, Bill W., mtu wa soko la hisa, alikwama katika hoteli mjini Akron, Marekani, dili lake limevunjika, na baa iko pale pale. Akaenda kwenye simu, akaanza kuwapigia watu wa makanisa akitafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye. Akaunganishwa na daktari mpasuaji, Dkt. Bob, mlevi pia, na wawili hao ndio walioanzisha AA.

Kwa hiyo usiondoke mkutano wa kwanza bila namba mbili tatu. Mpigie mmoja kesho yake mchana, umsalimu tu, ili saa yako ikifika usiwe unampigia mtu usiyewahi kuongea naye.